Sakafu Iliyokimbia Hesabu

Watu wengi hukanyaga sakafu maisha yao yote bila kujiuliza ilimeza nini. Raheli hawezi. Akiingia nyumba ya mtu, hata nyumba yenye msiba, macho yake hushuka chini kwanza, yakatambaa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na kabla hajakaribishwa kiti amekwisha kujua chumba kile kilikula mifuko mingapi ya saruji. Hasemi kitu. Ukimuuliza atakutajia idadi, na akikosea, atakosea kwa mfuko mmoja, pengine nusu.

Ana miaka hamsini na mitatu. Ni mrefu, mkimya, na mikono yake ina ule ukavu wa mtu aliyeishi na saruji, ngozi iliyopasuka pasuka kama mbuga wakati wa kiangazi. Pale Ipagala, mtaa wetu wa Dodoma, tunamwita Mama Anitha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Siku za kazi hulala kwenye chumba cha kupanga, na mwisho wa wiki hurudi kijijini Buigiri kwa mumewe Obedi, ambaye ana shamba la zabibu na hajawahi, kwa maelezo yake mwenyewe, kuelewa mke wake anaona nini kwenye sakafu.

Buigiri ndiko alikozaliwa, katika nyumba ya tembe, mojawapo ya zile za mwisho mwisho. Paa la tembe ni udongo uliotandazwa juu ya miti, na udongo ule ulipandishwa na wanawake, kikapu kwa kikapu, kichwani. Mama yake Raheli alikuwa na kipaji ambacho hakikuwa na jina. Angesimama chini ya miti iliyokwisha kulazwa, akaitazama kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha uji, kisha akataja idadi ya vikapu. Udongo ukipungua, mvua ya kwanza iliingia ndani. Ukizidi, miti ilipinda, na siku moja paa zima lingeweza kuwashukia waliolala. Kwa hiyo yule mtoto alikua akijua jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa kuchelewa, kwamba kukadiria ni namna ya kuwalinda watu ambao hawatajua kamwe kwamba walilindwa.

Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akalima. Serikali ilipohamia Dodoma, na majengo yakaanza kuota kila upande, alikuja mjini kubeba zege. Miaka minne alipanda ngazi za miti akiwa na karai kichwani. Wenzake waliimba ili uchovu upungue. Yeye alihesabu. Alijua chumba cha futi kumi kwa kumi kinataka karai ngapi, alijua zinapungua ngapi pale chini palipobinuka, na alijua kwamba mwashi akisema kazi itaisha saa nane, itaisha saa kumi. Jioni aliandika tarakimu kwenye daftari la zamani la shule la Anitha, kurasa za nyuma, kwa penseli.

Mafundi waligundua. Wakaanza kumuuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kisha wakarudi kwa mwenye nyumba na kutaja idadi ile kwa sauti kubwa. Silvano, mwashi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na mdomo usiochoka kutania, alikuwa wa kwanza kufanya hivyo na ndiye aliyedumu zaidi. Si mtu mbaya. Alimpa Raheli kazi kila alipopata kazi. Lakini kwa miaka mingi hesabu za Raheli zilitoka nje kupitia vinywa vya wanaume, na zilipokuwa sahihi wao ndio waliosifiwa.

Mwaka jana Asif, mwenye gereji barabara ya tatu kutoka kwetu, aliamua kumwaga sakafu mpya. Gereji yake ilikuwa na ardhi tupu iliyolowa oili ya miaka kumi na tano, na alikuwa ameagiza lifti ya kunyanyulia magari, nguzo mbili za chuma zinazofungwa sakafuni kwa bolti. Gari linapanda juu, fundi anasimama chini yake. Sakafu ikiwa dhaifu, bolti zinang'oka na gari linashuka na kila kilicho chini yake. Asif alimwita Silvano, akamwonyesha mahali, akamuuliza mifuko mingapi. Silvano alipimapima kwa hatua, akajikuna kidevu, akaomba dakika tano za kutoka nje. Asif akamfuata kwa macho kupitia tundu la uzio wa mabati. Akamwona anamnong'oneza mwanamke aliyeketi juu ya ndoo, na mwanamke yule akimjibu kwa kuchora chini kwa kijiti.

Silvano aliporudi, Asif alikataa hata kusikiliza. Alimwambia kazi ya kumwaga ni yake, hakuna shida, lakini hesabu anaitaka kutoka kwa yule anayeulizwa. Hivyo ndivyo Raheli alivyoingia gereji ile kwa mara ya kwanza kwa mlango wa mbele, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba idadi moja, katika maisha yake yote, ingetajwa kuwa yake. Ikiwa sahihi, ingekuwa yake. Ikiwa mbaya pia.

Asif, ambaye babu yake alifungua duka la vipuri mjini humu kabla baba yake hajazaliwa, alimwamkia shikamoo, kisha akamwonyesha simu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Mita tisa kwa saba, unene sentimita kumi na tano, simu ilimpa mifuko sitini.

Raheli hakubishana na simu. Aliomba kamba. Akazifunga kutoka ukuta hadi ukuta, kwa usawa ambao sakafu ingefika, akazivuta mpaka zikalia kidogo ukizigusa. Kisha akavua viatu na kuanza kutembea, hatua moja moja, na kila hatua aliteremsha fimbo yenye alama kutoka kwenye kamba hadi ardhini, akasoma, akaandika kwa chaki ukutani. Alifanya hivyo mara arobaini na nane. Kandokando ya kuta fimbo ilisoma kumi na tano, kama simu ilivyodhani. Lakini katikati, pale magurudumu yalipokuwa yakipita na kusimama kwa miaka kumi na tano, ardhi ilikuwa imezama kama godoro la zamani. Kumi na saba, kumi na nane, mahali pamoja karibu ishirini. Alizijumlisha zote, akazigawanya, akatazama juu.

“Sitini na sita,” alisema.

“Simu inasema sitini, Mama Anitha,” Asif alisema. “Hii sita ya nini?”

“Simu haijaingia humu. Ingekanyaga hapa katikati, ingejua.”

Asif alikuwa na jambo jingine lililomtatiza. Kwa nini lundo la mchanga na kokoto aliloambiwa alete lilikuwa kubwa kuliko shimo lenyewe? Raheli hakueleza kwa maneno. Alijaza debe kokoto, akachukua mchanga mkavu na kuanza kuumwaga juu yake polepole, huku akilitikisa debe. Mchanga ulizama. Akaendelea kumwaga, ukaendelea kuzama, mpaka karibu nusu debe la mchanga likapotea ndani ya debe ambalo kila mtu aliona limekwisha jaa. Saruji, alisema, nayo itaingia katikati ya mchanga vilevile. Ndiyo maana lundo kubwa huwa sakafu ndogo. Asif alilitazama debe lile kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa siri ya familia.

Zege lilimwagwa Jumamosi. Mashine ya kuchanganyia ilikodiwa, nailoni ikatandazwa, na kazi ikaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka, kwa sababu upepo wa Dodoma hunywa maji ya zege kama ng'ombe aliyetoka mbali. Raheli aliwaambia vibarua mchanganyo kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa: mfuko mmoja wa saruji, madebe manne ya mchanga, madebe manane ya kokoto. Kupima aliwapa wanawake wawili. Mmoja wao ni Devota, mkulima kutoka Busi, Kondoa, anayeshuka mjini kila baada ya mavuno kutafuta kibarua, mwanamke mnene mcheshi ambaye husalimia hata watu waliompita.

Kisha Raheli alifanya jambo ambalo Silvano hakuwahi kuliona. Alichora alama ukutani, kuanzia mwisho wa gereji hadi mlangoni. Kumi. Ishirini. Thelathini. Kila alama ilionyesha mahali ambapo zege lingepaswa kufika mifuko ya idadi hiyo ikiisha. Hazikuwa na nafasi sawa. Katikati, kwenye ule mzamo, zilisogeleana.

“Dada, unaichorea sakafu ratiba,” Silvano alisema. “Ikichelewa utaipiga faini?”

Walicheka, naye Raheli akatabasamu, akaenda kukaa karibu na mifuko mitupu, ambayo alitaka ikunjwe na kuwekwa chini ya jiwe, mmoja mmoja, mbele ya macho yake.

Kazi ilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Zege lilimwagika zito, likasambazwa, Silvano akalipiga ubao na kulisawazisha kwa mkono wake mwepesi, na kila mtu aliona jinsi sakafu inavyosonga. Asif alikuja na chupa ya chai, akatazama ukutani, akatazama chini ya jiwe. Zege lilikuwa limeipita alama ya ishirini. Chini ya jiwe palikuwa na mifuko kumi na saba.

Furaha ilianzia kwa Asif ikasambaa kwa wote. Kwa mwendo ule, alisema, mifuko hata sitini haitafika. Kazi itaisha kwenye hamsini na kitu. Silvano alimuuliza Raheli kama hiyo itakayobaki ataipeleka Buigiri akajengee zizi la mbuzi. Vibarua walianza kumsifu kwa kuleta ziada, na hata aliyekuwa akiendesha mashine aliinua kidole gumba. Hakuna aliyemlaumu. Kosa la aina hii, ambalo linaacha mifuko stoo, hakuna mwenye nyumba anayelilalamikia. Angeweza kucheka nao na kukubali kwamba alizidisha kidogo kwa tahadhari.

Raheli alikuwa amesimama. Aliitazama alama ile ya ishirini jinsi mtu anavyotazama mlango aliouacha umefungwa na kuukuta wazi. Alichukua fimbo yake, akaichomeka kwenye zege bichi sehemu tano. Unene ulikuwa sawa. Ardhi haikuwa imepanda. Mifuko ilikuwa kumi na saba, alikuwa ameihesabu mwenyewe. Basi kama zege lilikuwa jingi kuliko saruji iliyolizaa, wingi ule ulitoka upande mwingine.

Akatembea hadi kwenye lundo la kokoto na kusimama nyuma ya Devota.

Devota alijaza debe kwa koleo. Likajaa. Akaendelea. Kokoto zikapanda juu ya mdomo wa debe zikafanya kilima, za pembeni zikaanza kuporomoka, na hapo Devota akainama, akachota kwa mkono, akaweka konzi moja ya mwisho juu kabisa, taratibu, akiipapasa isidondoke. Kisha akalipitisha kwa kibarua aliyelipeleka mashineni. Kwenye mchanga, mwenzake alikuwa akifanya vivyo hivyo.

Raheli aliomba mashine izimwe.

Ungesikia jogoo wa jirani na upepo ukianza kugusa mabati. Watu wote walimgeukia.

“Devota, dada yangu,” Raheli alisema, “hiki cha juu unaweka cha nini?”

Devota alishangaa. “Cha juu? Cha juu ni cha mtu. Nyumbani ndivyo tunavyopima. Nimpimie mtu debe lililokatwa juu kwa mkono, ataniona nina roho mbaya.”

“Hata kokoto?”

“Kwani kokoto si za Asif? Nimpunje kokoto zake mwenyewe?”

Kuna waliocheka. Raheli hakucheka, ingawa baadaye alikiri kwamba kicheko kilimfika kooni. Alikuwa akijiona mwenyewe sokoni, akisubiri muuza mtama aongeze konzi ya mwisho, akimkazia macho mpaka aongeze. Tangu utotoni hajawahi kupimiwa debe lisilo na kilima, wala kumpimia mtu. Alipotaja madebe manne na madebe manane, kichwani mwake yalikuwa madebe ya kitabuni, yaliyokatwa juu kwa ubao. Katika masikio ya wanawake wale yalikuwa madebe ya Busi na ya Buigiri, madebe ya watu wenye adabu. Saruji peke yake ndiyo iliyokuja imefungwa kiwandani, na hakuna aliyeweza kuiongezea konzi. Kwa hiyo kila mzigo ulioingia mashineni ulikuwa na mawe mengi kuliko yaliyostahili, na kiasi kilekile cha kitu cha kuyashika.

Silvano alielewa haraka kuliko wengine, kwa kuwa ni fundi kweli. Akamvuta pembeni. Alimshauri kwamba kuanzia hapo madebe yakatwe kwa ubao, na palipokwisha mwagwa paachwe. Nyumba ngapi wamejenga na zege kama lile, na zimesimama.

“Nani atalichimba kulionja?” alimalizia.

“Nyumba zile hazikuning'iniza gari juu ya mtu,” Raheli alisema. Kisha akaongeza, “Na zile hukusema hesabu ni yangu. Hii imesemwa.”

Silvano alikwenda kuchukua koleo. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jibu.

Raheli alimwendea Asif, ambaye bado alikuwa ameshika chupa ya chai. Alimweleza yote palepale, mbele ya watu, bila kumtaja Devota. Alitaja idadi ya madebe akasahau kusema debe gani, kosa ni lake. Zege la mwanzo kabisa, la karibu mifuko mitatu, limeanza kushika na halifai kurudishwa, linatakiwa kutolewa nje. Lililobaki bado bichi, litazolewa na kurudi mashineni, na kila mzigo utaongezewa robo mfuko. Mwishoni watahitaji mifuko minne zaidi ya sitini na sita.

Asif alitazama sakafu iliyokwisha sawazishwa, iliyong'aa kama maji ya bwawa.

“Mimi nilikuwa nafurahi tu, Mama Anitha,” alisema. “Ungeniacha nifurahi.”

“Ungefurahi mpaka siku ya lifti.”

Asif akaweka chupa chini, akatafuta funguo za gari akaenda mwenyewe kuchukua mifuko minne.

Kubomoa kitu kilichokamilika kunauma kuliko kukijenga. Waliingiza makoleo katika ule uso laini, wakauzoa. Zege lililoshika lilipelekwa kwa toroli nje ya geti, likajazwa kwenye makorongo ya njia. Silvano, ambaye alikuwa ameilaza sakafu ile kwa mikono yake, alikuwa wa kwanza kuikanyaga na buti. Raheli alizoa pamoja nao, kanga imefungwa kiunoni, kwa sababu upepo ulikuwa umekwisha kuamka na hapakuwa na muda wa kusimamia. Devota aliomba apewe kazi nyingine, uso umemshuka. Raheli alikataa. Alimpa kipande cha ubao, akamshika mkono, wakakata pamoja debe la kwanza, kilima kikaanguka chini.

“Inaniuma,” Devota alisema.

“Hata mimi,” Raheli akajibu, na hapo ndipo wote wawili walipocheka, kicheko kirefu cha watu waliochoka.

Walianza upya saa nne. Safari hii sakafu haikukimbia. Ilitembea. Zege liliigusa alama ya thelathini, likaigusa ya arobaini, likapunguza mwendo kwenye ule mzamo wa katikati kama alama zilivyosema litapunguza, ikafika mahali watu wakaanza kutazama ukutani badala ya kutazama kazi. Kwenye hamsini Silvano alitangaza kwa sauti kubwa kwamba kama hesabu hii itakosea tena, yeye anaacha ufundi, anakwenda Busi kupima mahindi. Saa tisa na nusu zege lilifika mlangoni. Chini ya jiwe palikuwa na mifuko mitupu sitini na tisa, na mmoja ulikuwa umebaki nusu.

Hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini ya kivuli cha ukuta, mikono imelegea, wakala ugali na maharage waliyopikiwa na jirani. Asif alikula nao.

Majuma mawili yaliyofuata Raheli alipita kila asubuhi kulowesha magunia yaliyotandazwa juu ya sakafu. Baada ya mwezi walikuja watu wa lifti. Walipotoboa matundu ya bolti, keekee ililia kwa hasira na vumbi lililotoka lilikuwa jembamba, kijivu, lisilo na punje zilizolegea. Raheli alilichukua kidogo kwa vidole, akalisugua, akalipuliza. Alikuwa amesema amepita tu, kwamba anakwenda kutafuta gari la Buigiri. Hakuenda.

Walifunga nguzo. Wakapandisha gari la kwanza, gari zito la kubebea wagonjwa la misheni fulani, na chuma kikalalamika kidogo kisha kikatulia. Fundi aliyepaswa kuingia chini yake alisita. Asif akamwambia asubiri, akavua saa, akaingia mwenyewe na taa mkononi.

Raheli alisimama mlangoni. Hakutazama gari. Alitazama bolti nane, na sakafu inayozizunguka, moja baada ya nyingine, kisha akazirudia. Silvano alikuja akasimama kando yake, akaanza kusema kitu kuhusu nyumba ya mtu kule Nzuguni, vyumba vinne na baraza, kwamba mwenyewe anamuulizia yule mama wa hesabu, anataka aje apime siku atakayopenda. Raheli alimwashiria kwa mkono anyamaze. Alisubiri hivyo, dakika kumi, labda kumi na tano, mpaka Asif alipotoka chini ya gari akiwa na grisi kwenye paji la uso na kuomba spana nyingine. Ndipo akamgeukia Silvano na kumuuliza baraza hilo lina urefu gani.